Kamera Inayotazama Kiti cha Bibi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mitihani imekwisha salama.

Mjomba ametuletea kamera ya ulinzi. Mimi nilipendekeza kitasa kipya cha mlango wa nyuma, maana kwa jirani wezi waliingilia huko. Akanicheka: "Wewe na vitabu vyako, ya wezi utayajulia wapi?" Akaifunga sebuleni, ikitazama kiti cha Bibi. Mlango hata hauonekani.

Nimesoma maelezo yake. Inanasa na sauti, na yote yanakwenda kwenye simu ya Mjomba.

Jumapili, tukiwa wawili tu sebuleni, Bibi aliniambia kwamba nyumba haiuzi na hati atakupa wewe. Kesho yake Mjomba akaja. "Mama, kumbe mimi si mwanao? Hati anapewa dada peke yake?"

Bibi anaamini ni mimi niliyemwambia. Tangu hapo hanisemeshi. Kumweleza kwa sauti pale sebuleni siwezi, kunong'ona au kuandika hakusaidii, masikio na macho ya Bibi unayajua yalivyochoka. Nje hataki kutoka nami.

Tafadhali usilizungumze hili kwenye simu. Njoo, umpeleke uani, umwambie si mimi.

Mwanao, kitinda mimba