Kadi Yako kwa Seline

Kaka Oyugi,

Huku Nyalenda tuko. Mafuriko ya Ahero yamepandisha bei ya mchele, lakini kibanda changu bado kinauza.

Kadi ya kumtakia heri ya mtihani wa kidato cha nne uliyomtumia Seline wangu ilifika, ile ya "Daktari wetu, usituangushe." Ilikuwa ya ishirini na tatu kutoka kwa jamaa. Nimezisoma zote. Hakuna hata moja iliyosema akianguka atapokelewa na nani.

Kwenye karatasi ya hesabu aliandika jina lake tu, akairudisha. Tangu siku hiyo anatazama ukuta, chakula hagusi. Nilimwambia, "Amka, karatasi zingine bado ziko." Akanijibu polepole, "Daktari wenu amekufa, Mama. Mimi nabaki kufanya nini?"

Sasa nalala mlangoni kwake. Kibanda nilijijengea bila msaada wa mtu, lakini hili limenishinda.

Usitume kadi nyingine. Piga simu leo, umwite Seline, umuulize kama amekula. Nitamshikia simu sikioni. Asipokujibu, wewe endelea tu kuongea.

Dada yako,
Ajwang