Presha Gani, Mwalimu?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa sababu nimekasirika mpaka chakula hakishuki. Mimi ni mwalimu wa yoga, nafundisha Jumamosi asubuhi kwa ukumbi mmoja hapa Muthangari, vijana wa ofisi na kina mama wa rika la mamangu, na sijawahi kuumiza mtu. Sasa juzi akaja Mama Shiru kutoka Riruta, ana nyumba za kupangisha, akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, mimi niko na presha," nami nikamwambia, "Mama, nani hana presha Nairobi hii? Wewe lala hapo, pumua, itatoka," nikijua tu ni wapangaji wanamsumbua, akacheka, nikacheka, tukaanza. Nikawafundisha kusimama kwa mabega, miguu juu, nikamwona anasita, nikamsaidia kuinua miguu, nikamwambia abane pumzi kidogo, na aliposhusha miguu akasimama wima, akazimia. Hospitalini wakasema presha ya damu iko juu sana, na binti yake Shiru akanigombeza mbele ya watu wote ati nilitaka kuua mamake na niliambiwa. Niliambiwa nini? Kwani mimi ni daktari? Mtu akiwa na ugonjwa si aseme? Na mama mwenyewe ametuma ujumbe ati akipona atarudi. Nataka kubandika tangazo mlangoni, wagonjwa wasikanyage hapa. Nimekosea wapi?

Maurine, Muthangari

Maurine, pole kwa kuaibishwa. Pole yangu imeishia hapo.

Mama Shiru alisema. Mama wa umri wake akikushika mkono akwambie ana presha, haongei habari za wapangaji. Hilo ndilo jina la ugonjwa nyumbani kwake, kanisani na kwa duka la dawa. Ninyi vijana ndio mmelichukua mkalipeleka kwa bosi na foleni ya magari ya Waiyaki Way. Angesema ana sukari, ungemwambia apunguze kwa chai?

Na hata bila neno hilo, alisita, ukamwinua miguu. Nani alikutuma? Mwanafunzi akisita, mwalimu anaondoa mikono.

Tangazo lako kawashie jiko. Ukifukuza mwenye presha, mwenye goti bovu na mwenye mimba, utafundisha nani? Kuna wengine hapo wana magonjwa yao, na wamenyamaza kwa sababu walisikia ulivyomjibu mwenzao.

Kabla ya darasa zungumza na kila mmoja kando: anaugua nini, anatumia dawa gani, daktari amemkataza nini. Usichokielewa, mrudishe kwa daktari kwanza. Weka viti kwa wasioweza kukaa chini. Mama Shiru asirudi mpaka daktari wake akubali, na akirudi, miguu yake ibaki chini, kichwa kisishuke chini ya moyo, na asibane pumzi kamwe. Akisema basi, ni basi.

Lakini kwanza nenda Riruta. Usipige simu, nenda, hata kama Shiru atakufungia mlango mara ya kwanza. Keti na yule mama, umwombe msamaha, kisha umuulize swali ulilopaswa kumuuliza alipokushika mkono: "Presha gani, mama?" Halafu unyamaze, umsikize.