Binti Yangu Ananiita Sista

Shangazi Nabiha,

Sasa hivi Shiko wangu wa miaka minne ameniita mama mara tatu nikiwa nimesinzia kwa kiti, sikusikia, akaja karibu na sikio akasema "Sista!" nikaruka, "Nakuja, kitanda gani?" na yeye akacheka, "Mama, hiyo ndiyo unasikianga." Shangazi nisaidie, mimi sikucheka.

Mimi ni nesi huku Kilimani, wagonjwa huniita Sista, kwa wodi tulikuwa wanne, wawili wakaenda ng'ambo na hakuna mwingine ameletwa, kwa hivyo siku zingine niko peke yangu na wagonjwa ishirini na sita, na nikiwa ofu msimamizi ananipigia, "Muthoni wangu, wewe hujawahi nikatalia," na sikatai juu kandarasi yangu inaisha mwezi huu na naamini wataniajiri kabisa. Sasa Alhamisi nilimwandikia mzee Kitavi presha ya asubuhi kwa fomu bila kumpima, mkono uliandika tu wenyewe, na nesi mwenzangu Ivyne alipokuja kupokea wodi akampima akapata imepanda vibaya. Mzee yuko sawa, asante Mungu. Ivyne akaniambia, "Nyamaza, sisi wote tunafanyanga." Hiyo ndiyo inanisumbua, ati sisi wote. Bado napenda hii kazi. Niseme kwa msimamizi, ama ningoje kandarasi kwanza, kwa sababu nikiangalia vile Shiko, ngoja Shangazi, anaita huko bafuni, na amesema mama, wacha ni

*

Muthoni,

Barua umeiacha katikati ukaenda kwa mtoto, hilo nakusamehe. Lile lingine, hapana. Mzee wa watu angekufa na fomu yake ikiwa safi kabisa! Pole kwa kuchoka, wagonjwa ishirini na sita kwa mtu mmoja ni mateso, na si wewe uliyeyapanga. Lakini unasaidia kuyaficha. Msimamizi akiona fomu zote zimejaa, alete nesi mwingine wa nini?

Usingoje kandarasi. Kesho nenda na Ivyne, mseme nyote wawili, na daktari wa mzee aambiwe. Kuanzia leo usichopima kiache wazi, andika "sikufikia, niko peke yangu," weka sahihi. Huenda wasikuajiri, sikufichi. Hata hivyo sema.

Na siku ya ofu zima simu, ulale kitandani, si kwa kiti. Shiko akikuita mara moja, itoshe.