Mkono Uliochorwa Kwenye Dumu

Jumanne jioni, Msimbazi.

Nafsi yangu, salaam. Ninakuandikia ili uniamulie jambo ambalo mimi, mtunza stoo, nimeshindwa kuliamua dukani.

Leo Shomari, mbeba mizigo wetu, amenawa rangi mikononi kwa dawa ya kuzibulia mabomba. Nilimvuta hadi bombani, maji yakamtiririka huku akilia. Ngozi ya vidole imebabuka.

“Mheshimiwa, si wamechora mkono unanawa?” akanionyesha lebo ya dumu.

Ni kweli, pamechorwa matone yanayodondokea mkono. Maelezo yote ni ya Kichina. Waliochora walikusudia mkono unaoliwa na dawa. Shomari aliona mkono unaonawa, na sioni sababu ya kumcheka.

Niliandika karatasi kadhaa kwa kalamu nene: DAWA HII HUUNGUZA NGOZI. USINAWE. Nilipobandika ya kwanza, bosi akaibandua, akaniambia:

“Ukiwafukuza wateja, na wewe uwafuate.”

Ninakiri kuwa nina hofu. Kazi nyingine sina. Lakini kesho asubuhi madumu yanakwenda Buguruni, kwa mafundi ambao hawajaviona vidole vya Shomari.

Karatasi zilizosalia zimo mfukoni mwangu. Naomba uamuzi kabla gari halijapakiwa: nibandike, au nisibandike?