Binti Ndiye Anayenijazia Fomu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na jina langu usilitoe maana binti yangu husoma kila karatasi inayoingia nyumbani. Mimi ni Mkongo, mkimbizi huku ughaibuni, Garland, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kamera za video, zile za kupigia harusi, lakini siku hizi watu wanapiga kwa simu, biashara imedorora, basi wakubwa wakaleta washauri wenye tai, wakatuzungukia miezi mitatu, wakasema soko liko jeshini, lenzi zilezile zifungwe kwenye magari ya askari, na anayetaka kubaki kazini ajaze fomu ya kuchunguzwa, ukoo mzima, nani kamzaa nani, mwisho Ijumaa. Kiingereza cha makaratasi kinanishinda, anayenijazia ni huyo binti wa miaka kumi na tatu, na Jumapili tulipotoka kanisani akashika kalamu akaniuliza, "Maman, wanauliza mtoto ni wa kuzaa ao wa kulea. Nita-check biological, wa kuzaa, sivyo?" Nikamwambia bugali inaungua, na jikoni hata moto sikuwa nimewasha. Mshauri, huyu binti ni mtoto wa dada yangu, aliyefia njiani tukikimbia vita Uvira, akaniachia kichanga wa miezi minane, na kambini karani alipouliza huyu wa nani nikasema wangu, wala sikuona kama nadanganya, na sasa naogopa nikisema kweli nitampoteza, nikisema uongo karatasi zitatuumbua.

Mama C., Garland

Dadangu, pole. Umebeba peke yako mzigo wa watu wawili.

Sasa nikugombeze kidogo. Uongo usiandike, njia ya mwongo ni fupi, na jeshi likichunguza halichezi. Kesho nenda kwa wanasheria wanaosaidia wakimbizi bure, kanisani kwenu watakuelekeza, uwaeleze ulichomwambia karani kabla hujatia sahihi popote. Meneja mwombe akuongezee wiki. Akikataa, maghala ya Garland hayajafungwa, kazi utapata huko.

Binti usimngojeshe. Kumwita wako si kosa, kwetu mama mdogo ni mama. Kosa ni kumficha dada yako, marehemu asiye na mwingine wa kumtaja. Mketishe mtoto umwambie mwenyewe, kwa Kiswahili chenu, asije akayasoma hayo kwa Kiingereza kwenye fomu. Mwambie mama yake alikuwa akicheka vipi. Atalia, huenda akakununia siku nyingi, nawe pika umwekee chakula chake kama kawaida.

Jina lako nimelificha ulivyoomba. Hilo "Mama" sikuligusa, ni lako.

Bi Hadiya, Missouri City