Usimwamshe Dada Kabla ya Saa Sita

Mama, hutaamini nilichofanya leo asubuhi!

Chai ipo kwenye chupa. Usigonganishe masufuria, nakuomba. ~~Mwamshe Dada saa tatu.~~ Hapana, mwache mpaka saa sita.

Nimezima kengele ya simu yake. Kocha akapiga, nikapokea mimi: "Amelala, mazoezini haji." Akafoka, "Asipokuja sasa hivi, jioni hakimbii kwenye mchujo wa timu!" Akakata.

Najua utasema nimemharibia. Lakini tangu kocha aongeze mazoezi ya alfajiri, Dada analala masaa manne tu, miguu inamuuma hata kushuka ngazi, na wewe unamwita mvivu. Mimi ndiye ninayempima kwa simu yangu. Akilala vizuri, mita mia nne anamaliza kwa sekunde hamsini na nane. Wiki hii yote ni sitini na mbili. Kwa mwendo huo hapiti, hata akiruhusiwa kukimbia.

Nimekimbilia uwanjani kumwonyesha kocha hizo namba. Akikataa, nitamwambia Dada mwenyewe kuwa kosa ni langu.

Nilimkuta anakoroma, Mama, mdomo wazi kama mtoto. Ungekuwa wewe, ungemwamsha?

Kitindamimba wako