Simu Niliyoizima kwa Novena

Dada Paskalina, shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko nyumbani?

Nakuandikia kutoka Babati, na moyo ni mchungu. Neema wetu amepoteza nafasi yake ya chuo. Namba ya kuthibitisha ilitumwa kwenye simu yangu, nami niliizima siku zote tisa za novena, namwombea huyo huyo Neema apate chuo!

“Mama Neema, muda ulifungwa jana,” akasema mwenye duka la kompyuta tulipokwenda kuthibitisha.

“Mpigie mkubwa wao, nimweleze.”

“Mkubwa ni mfumo, mama. Hauelezwi kitu.”

Tukatoka, tukaingia mgahawani na kuagiza samaki wa ziwani. Neema akanitolea miiba, yeye hakula. Hajanilaumu hata neno moja.

Dada, leo rozari imenishinda. Nisalie wewe, na unijibu upesi.

Mdogo wako, Mama Neema